Bustani inageuka shamba ikifika hatua ngapi?

SWALI: Nyuma ya nyumba yangu hapa Majengo, Moshi mjini, nina eneo la hatua 20 kwa 15. Nimepanda mchicha, sukumawiki na migomba mitatu. Mke wangu anaita bustani, jirani anaita shamba. Mimi niliandika "kishamba changu" kwenye kundi la ukoo, wakanicheka. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mkeo, ila si kwa sababu ya udogo wa eneo. Kiswahili hakina hatua ambayo ukiivuka bustani inageuka shamba. Edeni ya kwenye Biblia ilinyweshwa na mto uliogawanyika vichwa vinne, na bado ni bustani. Robo ekari ya mahindi huko tambarare ni shamba, wala hakuna anayebisha.

Bustani iko karibu na mkono. Jioni unaimwagilia kwa ndoo, unachuma mboga ya usiku huo, kesho unarudi tena. Shamba unaliendea. Sikiliza tunavyosema "amekwenda shamba" bila -ni: hapo hatutaji mahindi tena, tunataja huko nje ya mji. Ndiyo maana neno la jirani yako linagoma kukaa Majengo.

Ukitaka kuuza au kukodisha, achana na majina, taja kipimo. Wakulima wengi huhesabu ekari kuwa hatua 70 kwa 70. Kwa hesabu hiyo eneo lako halifiki hata sehemu moja ya 16.

Sasa kicheko. Ni kweli ki- hudogosha, kama mlima na kilima, lakini "kishamba" kimeshachukuliwa na kazi nyingine: kuvaa kishamba, kula kishamba. Uliwaambia ndugu zako kuhusu ushamba wako! Sema "shamba dogo", au "kijishamba" kama huogopi kujidharau kidogo. "Kibustani" hakina matata.

Na usikimbilie "kihamba". Ki- ya neno hilo la Kichaga haidogoshi chochote, ni kama ya kitabu. Kihamba ni nyumba, migomba na kahawa chini yake, mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita kando, na makaburi ya wazee. Kwa migomba mitatu ya Majengo, babu zako hawatakuelewa.