Jibu: Mbolea bila moshi inaongezaje joto la dunia?

Ndugu, umeuliza mbolea ya chumvichumvi inachangiaje joto la dunia wakati shambani hakuna moshi. Inachangia, tena sana. Naitrojeni, yaani kirutubisho kilichomo kwenye mbolea hiyo, ambayo mmea haukuiwahi kuifyonza hugeuzwa na bakteria wa udongoni, na sehemu yake hupaa ikiwa gesi ya naitrasi oksaidi. Kwa makadirio ya kawaida ni kama asilimia 1 tu ya naitrojeni iliyowekwa, lakini kilo moja ya gesi hiyo hupasha joto karibu mara 270 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi katika miaka 100. Kibaya zaidi ni kumwaga mbolea yote kwa mkupuo, halafu mvua kubwa ifanye maji yatuame shambani. Igawe: kidogo wakati wa kupanda, iliyobaki mmea ukikua kwa kasi. Samadi nayo hutoa gesi hiyohiyo, kwa hiyo ipime pia.