Mama mkwe anasema usonji nimeuleta mimi

SWALI: Anti shikamoo. Mwanangu ana miaka minne, haongei zaidi ya kurudia matangazo ya TV, ukimwita hageuki, kutwa kupanga vifuniko vya soda mstari. Hospitali wamesema ni usonji. Mama mkwe anadai kwao hakuna kitu hicho, eti mi nilimwachia dada wa kazi mtoto akiwa na miezi mitatu ndo maana. Afu mi na mume wangu tumeishia la saba, nasikia watoto wa wasomi ndo wanaopata nafuu, ni kweli? Mama K, Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Dada wa kazi mwache apumzike, hajafanya kitu. Lawama hizo ni za zamani, mwaka 1943 Dk. Leo Kanner wa Marekani aliandika kuhusu watoto 11 wenye usonji akaona wazazi wao wengi wasomi, na baridi kwa watoto, basi kina mama wakasemwa miaka na miaka kwamba hawana mapenzi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, akalipinga hilo kwenye kitabu, na 1977 utafiti wa mapacha Uingereza ukaonyesha jambo hili kwa sehemu kubwa liko kwenye damu. Na damu ya mtoto ni ya pande zote mbili, mama mkwe ajue hilo (mwambie kwa adabu lakini!).

Sasa wale wasomi wa Kanner, we jiulize enzi zile nani alikuwa na uwezo wa kumfikia bingwa kama yule? Hapo ndo hela na elimu vinapoingia, vinaamua nani atagundulika mapema na nani atalipia mazoezi ya kuongea, ila usonji wenyewe hauchagui nyumba. Kwahiyo pengo lipo kweli, sikudanganyi, ila mengi ya kumsaidia hayadai cheti. Kaa naye chini kwenye hivyo vifuniko, shika kimoja, subiri akutazame au anyooshe mkono, sema "kifuniko", mpe. Rudia kila siku, dakika chache tu, na baba yake naye afanye hivyohivyo.

Kama bibi anaongea naye Kisambaa mwache aendelee, lugha mbili hazimrudishi nyuma.

Halafu uliza kama walimpima masikio. Kama bado, rudi wampime, maana mtoto asiyegeuka akiitwa lazima usikivu wake uangaliwe pia.