Kusaka sarafu kwenye shamba la zamani majira ya baridi

Baridi inakupa kitu kimoja kikubwa: nyasi zimelala, mazao yameshavunwa, na koili, yaani duara la chini la mashine ya kutafutia metali, inapita karibu kabisa na udongo. Kila sentimita ya majani marefu ni sentimita unayopoteza chini, na theluji inakula kina vivyo hivyo. Shida ni kuchimba. Ganda la jalidi la sentimita 2 au 3 linapasuka kwa sepeto imara yenye ncha. Likifika 10, utaumiza mpini, mkono, au sarafu yenyewe. Ndiyo maana msimu huu shimo moja lina gharama, na kazi kubwa ni kusikiliza vizuri kabla ya kuchimba.

Ruhusa ya mwenye shamba iwe ya maandishi, ikisema nani anabaki na nini. Angalia pia sheria ya mambo ya kale ya mahali ulipo. Mwulize nyumba ya kwanza ilisimama wapi na kisima cha zamani kiko wapi. Hilo la kisima si porojo: mbao zilizooza zikifunikwa na theluji huzioni mpaka umezikanyaga. Weka alama ya vijiti kabla theluji haijaanguka.

Usianze katikati ya uwanja. Watu walidondosha vitu walipopita na walipoinama: mbele ya mlango, njia ya kwenda zizini, langoni, chini ya miti mikubwa, palipokuwa na kamba ya kuanikia nguo.

Sehemu hizo hizo ndizo zimejaa misumari, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Koili kubwa inaona misumari mitatu na sarafu moja kwa wakati mmoja, kisha inakupa sauti ya chuma tu. Funga koili ndogo, ya sentimita 12 hadi 15 hivi. Ipeleke polepole, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Usichuje chuma chote, yaani usiiweke mashine inyamazie kila chuma. Punguza kelele kidogo tu, kwa sababu uchujaji mkali huzima na kitu kizuri kilicholala ubavuni mwa msumari. Ukipata sauti nyembamba ya juu, zunguka robo duara uipime upya. Sarafu iliyolala bapa hutoa sauti ileile pande zote mbili. Msumari uliopinda hukatikakatika au sauti yake inahama. Kipande kipana cha bati chenye kutu ndicho mwongo mkubwa: kinalia kama madini ya fedha. Inua koili sentimita 15 hivi. Kikiendelea kulia kwa nguvu, ni kitu kikubwa, kiache.

Betri nazo huchoka haraka kwenye baridi, hasa za alkali. Weka za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Mashine ikitoka kwenye gari lenye joto, iache nje dakika 10 hadi 15 kabla ya kuisawazisha na ardhi (kuirekebisha isilie kwa madini ya udongo wenyewe), la sivyo itayumba na utailaumu ardhi bure. Ukitoka kwenye udongo mkavu kuingia tope, sawazisha tena.

Wakati wa kuchimba, kata pande tatu mbali kidogo na shabaha, uache upande wa nne kama bawaba, ulifunue bonge lote la udongo na nyasi. Ukilivunja vipande, mizizi inakufa na doa la kahawia litaonekana mpaka majira ya kuchipua, na mwenye shamba hatakusahau. Kitu kikiwa kimeganda ndani ya bonge, usikibandue kwa kisu. Beba bonge zima nyumbani, liyeyuke lenyewe, kisha lisuuze kwa maji bila kusugua. Chembe za mchanga zinakwaruza uso wa sarafu.

Ukirudi nyumbani, mashine ibaki ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la chumba. Ukiitoa mara moja, unyevu wa hewa hujikusanya juu yake na kuingia kwenye viungio.