Paka gani kwa mtoto mwenye aleji? Maswali yenu kutoka Mtwara na Lindi

Safari hii, mezani kwangu daktari wa mifugo, maswali ya paka yameyapita ya kuku, na karibu kila barua ina mtoto anayepiga chafya. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

*Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka sita akitoka kwa bibi yake anarudi macho mekundu, chafya mfululizo. Bibi ana paka wawili. Na mtoto huyohuyo kila siku analilia paka. Nimempata mtu Dar es Salaam anauza paka wa kigeni, anasema hao hawana aleji kabisa. Nimtumie hela? — Mama, Mikindani*

Marahaba mama. Usitume kwanza. Paka asiye na aleji kabisa hayupo, awe wa Dar es Salaam au wa Urusi.

Wengi tunalaumu manyoya. Kinachomsumbua mtoto ni protini ambayo wataalamu huiita Fel d 1, na inatoka kwenye mate ya paka na kwenye ngozi yake. Paka hujilamba kutwa. Mate yakikaukia mwilini hubanduka pamoja na vumbi la ngozi, chembe ndogo mno zinazoelea hewani kwa saa nyingi kisha zikatua kwenye mapazia, godoro na nguo. Kwa hiyo hata yule paka wa aina ya Sphynx, asiye na manyoya, ana mate na ana ngozi. Wauzaji huzisifu pia aina za Siberian na Balinese. Wapo paka wanaotoa protini hii kidogo, ila hilo ni la paka mmojammoja. Hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Jina la aina ya paka halikupi uhakika, na picha ya simu ndiyo kabisa.

Mimi ningetafuta paka wetu wa kawaida hapahapa Mtwara, aliyekwisha kukua, kwa mtu unayemfahamu. Mkubwa nampendelea kwa sababu kiasi cha protini cha mtoto wa paka hubadilika anapokua, nawe unataka kumpima yule mtakayeishi naye. Kwanza mpeleke mwanao kwa daktari, umweleze ya kwa bibi. Akiridhia jaribio, mtoto akakae na paka huyo chumba kimoja nusu saa hivi, arudie siku nyingine, kisha tena. Isiwe nyumbani kwa bibi, maana kule hewa imeshajaa ya wale wawili na hutajua nani kafanya nini. Tazama macho, pua, na ngozi pale paka alipomgusa au kumlamba. Usiku sikiliza kikohozi, kwa sababu dalili nyingine huchelewa. Kifua kikibana au akianza kuhema kwa mlio, jaribio limekwisha, na ni hospitali siku hiyohiyo.

Na mwenye paka mwambie mapema kwamba huenda ukamrudisha. Paka wengi wanaozurura pale Feri wakisubiri vichwa vya samaki waliwahi kuwa na kwao.

*Mtoto wangu ana pumu na anatumia dawa ya kuvuta. Tukipata paka mpole inawezekana? — Baba, Nachingwea*

Hapana, ndugu yangu. Upole wa paka hausaidii kitu hapo. Wala sungura si mbadala, naye huleta aleji. Samaki wa kwenye chombo cha kioo, sawa.

*Sisi tuna mikorosho na ghala dogo nyuma ya nyumba. Panya walituzidi, tukachukua paka mwezi wa tano. Mwezi wa sita mtoto akaanza chafya na macho kuwasha. Mke wangu anasema paka aondoke. Akiondoka, panya je? — Baba, Tandahimba*

Mkeo ana haki ya kumshuku paka, lakini kuna mshukiwa mwingine na wote mnamjua. Mwezi wa sita mikorosho inaelekea kwenye maua, ugonjwa wake wa ubwiri unga unaanza, na mashine za kuipulizia unga wa salfa, dawa ya ugonjwa huo, zinaunguruma tangu alfajiri. Ule unga wa njano huwasha macho, hukereketa koo na kukohoza hata mtu asiye na aleji yoyote. Mtoto anayeishi katikati ya mikorosho huuvuta msimu mzima, na baba akirudi shambani na nguo zilezile, anamletea mwingine hadi kitandani.

Yupo wa tatu: utitiri wa vumbi. Hawa hawaonekani kwa macho, hupenda unyevunyevu, na mito ya sufi ya miaka mingi huwafaa sana.

Kuwatenganisha si kazi ngumu, inataka subira tu. Andika kwenye daftari siku za kupuliza salfa na siku mtoto alipozidiwa. Anaamka na chafya kila asubuhi, hata siku ambazo hajamgusa paka? Godoro na mto viangaliwe. Anaanza dakika chache baada ya kumkumbatia paka? Basi mkeo kashinda. Hospitali ya rufaa waulizeni kuhusu kipimo cha ngozi, kile cha kudondoshea dawa na kuchoma kidogo mkononi, au cha damu. Kinakata ubishi wa nyumbani vizuri kuliko mimi.

Kuhusu panya, usifanye haraka. Mkojo wa panya nao una protini zinazoleta aleji na kuamsha pumu. Ukimfukuza paka wakarudi wao, hujapunguza kitu. Paka na abaki mlinzi wa ghala. Alale huko, ale huko, mlango wa nyumba ufungwe, na chumba cha mtoto asikanyage hata mchana. Mchanje pia kichaa cha mbwa, maana paka wa nje hukutana na mengi; chanjo huanza akiwa na miezi mitatu.

*Dume au jike? Na paka mweusi ni kweli anazidi? — Dada, Newala*

Jike, au dume aliyehasiwa. Shume asiyehasiwa ndiye anayetoa protini nyingi zaidi, na kuhasiwa huipunguza. Habari ya rangi, tafiti zimepingana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo usichague kwa rangi. Mambo mengine yanayosemwa juu ya paka mweusi hayako idara ya mifugo.

*Mwanangu daktari, sisi tumefundishwa kwamba paka si najisi, hata maji aliyoyanywa mtu hutawadhia. Leo mnasema mate yake ni sumu? — Mzee, Lindi Mjini*

Shikamoo mzee. Hatujasema sumu, na kwamba paka si najisi halina mgogoro. Pweza naye ni halali, karanga ni halali, na wapo watoto wakila wanavimba midomo. Aleji ni mwili wa mtoto kumdhania adui mtu asiye na kosa. Kosa haliko kwa paka. Wajukuu wamshike, kisha wanawe mikono na uso, wasijifikiche macho kabla ya kunawa, na shati walilomkumbatia nalo wasipande nalo kitandani. Wasiwaachie paka wawalambe usoni. Hayo yanamhusu yule mwenye macho ya kuwasha tu. Wengine waendelee na paka wao.

*Tumemtoa paka wiki mbili zilizopita na mtoto bado anapiga chafya. Kumbe hakuwa paka? — Mama, Shangani*

Bado ni mapema mno kusema hivyo. Paka akiondoka, protini yake hubaki ndani, mara nyingi miezi minne hadi sita kabla haijapungua vya kutosha. Unaweza kuiharakisha: fua mapazia na mashuka kwa maji ya moto, mikeka ioshwe na kuanikwa, na zulia kama lipo litoke. Makochi ya kitambaa ndiyo yanayosumbua. Yafute mara kwa mara kwa kitambaa kibichi. Sakafu deki kwa maji, kwani ufagio mkavu unarusha juu kile unachotaka kukiondoa. Anza na chumba anacholala mtoto, hata kama sebule itasubiri wiki nzima.

Na wale mnaouliza kumwogesha paka: husaidia siku moja mbili, kisha anarudi kulekule. Mikwaruzo mtakayopata ni mingi kuliko faida.

*Piriton kila siku inatosha, tukae na paka? — Baba, Masasi*

Huleta usingizi, na mtoto anakwenda shule. Dawa ya kila siku apange daktari aliyemwona. Na mkishafika hatua ya kumnywesha mtoto dawa kila siku ili paka abaki ndani, kwa maoni yangu paka ahamie nje.

*Nimesikia paka akilishwa mayai aleji inaisha. — Kaka, Kilwa Masoko*

Ulichosikia kina chanzo. Mwaka 2020 Marekani ilianza kuuza chakula cha paka chenye unga wa mayai ya kuku maalumu. Mayai hayo yana kinga inayoikamata Fel d 1 mdomoni mwa paka. Inapunguza, haimalizi, na madukani kwetu huku sijakiona. Yai la kuku wako wa kienyeji halikuandaliwa hivyo. Lichemshe, mpe mtoto, kama mayai nayo hayamvimbishi.