Usiku wa kalafati

Mhariri, assalaam aleikum. Swali lenu la wiki hii, "Uligunduaje kitu unachokipenda kwa dhati maishani?", limenigusa pabaya. Mmeuliza kana kwamba kitu hicho kilikuwa kimefichwa mahali, kikinisubiri nikifukue. Mimi ni fundi wa kuunda vyombo vya baharini hapa Nungwi, Zanzibar, zaidi ya miaka 30 sasa, na sikugundua chochote. Nilipelekwa. Mama alinikabidhi kwa kaka yake likizo ya mwaka 1994, nikiwa na miaka 16, maana nyumbani kazi yangu ilikuwa kuzurura. Kwa hiyo niruhusuni nijibu swali lililo karibu na lenu: je, mtu huipenda kazi ndipo akaifanya, au huifanya mpaka akaipenda? Nimekuwa nikiwaambia vijana ni hilo la pili.

Wiki za mwanzo nilichukia kila kitu. Nilivuta uta wa keekee kutoboa matundu ya misumari mpaka bega likafa ganzi. Nilipaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao, na harufu yake haitoki hata ukikoga mara mbili. Mwisho mjomba akanipa kalafati: unachukua pamba iliyolowa mafuta ya nazi, unaisokota, unaishindilia kwa patasi butu na nyundo katika mwanya wa ubao na ubao. Akanigawia upande wa kushoto wa mashua, safu mbili za chini karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo. Kulia akafanya mwenyewe.

Tuliishua, yaani tuliishusha majini, saa kumi jioni, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo; mwezi ulikuwa wa siku 14. Hapa kwetu bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo chombo hushuliwa maji yakiwa yamejaa, nayo yakikupwa chombo hukaa mchangani. Wanaume walivuta kamba, wanawake wakapiga vigelegele, dua ikasomwa, pilau ikaliwa. Lakini kabla ya Magharibi maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu ndani ya mashua. Mjomba akasema mbao bado kavu, ziacheni zinywe, kesho zitakuwa zimevimba na mianya itajifunga. Ni kweli, chombo kipya huvuja kidogo. Mimi lakini niliyaona maji yale nikajua ni upande wangu. Pilau haikunipita kooni.

Saa nne usiku, maji yakiwa yamekupwa, nikarudi pwani na binamu yangu. Yeye alibeba karabai. Mashua ilikuwa imelalia magogo, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kufundishwa: maji yaliyoingia jioni sasa yalikuwa yanatoka. Pale yalipoingilia ndipo yalipotokea, tone baada ya tone, yakichora mstari uliolowa juu ya deheni nyeupe, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa chini ya chombo. Nikatambaa chini ya tumbo la mashua, nikapitisha kiganja upande wangu, ubao kwa ubao. Pakavu. Nikarudia. Pakavu. Nikazunguka kulia. Shibiri tatu kutoka kwenye fashini ya nyuma, ule mti wa wima wa mwisho wa chombo, kiganja changu kikalowa.

Nilikaa pale mchangani nisijue la kufanya. Utamwambiaje mkubwa wako? Sikulazimika. Mjomba naye alikuwa hajalala. Alikuja na nyundo yake mkononi, akapapasa pale pale nilipopapasa, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hapa ni kwangu." Akanipa patasi. "Itoe pamba yote, utie upya. Mimi nitasikiliza."

Nikaifanya polepole. Mwanzoni nyundo ililia *pu, pu*, kama unapiga mto. Kila mara akasema bado. Halafu mlio ukabadilika, ukawa mkavu, *ko*, nami nikausikia kabla hajafungua mdomo. "Mjomba, umesikia?" akaniuliza. Nikamwambia nimesikia. Tulimaliza maji yakiwa yameshatufikia magotini.

Kisa hiki nimekihadithia miaka yote kuthibitisha hoja yangu: mweke kijana kazini, mapenzi yatamfuata huko huko. Nimeanza kukiandika kwa nia hiyo hiyo. Lakini kuandika kumenikumbusha yule aliyebeba karabai. Binamu yangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, akasikia *pu* ile na *ko* ile. Leo ni mpishi katika hoteli, mpishi hasa, na nikimkumbusha usiku ule anakumbuka mbu tu na baridi. Tulikuwa vijana watano kwa mjomba. Nimebaki peke yangu.

Na sasa mwanangu. Likizo mbili nimemshikisha nyundo na hasikii kitu, namwona usoni. Mwezi uliopita mvuvi mmoja alimletea simu iliyoanguka baharini. Akaifungua, akaanza kuusugua ubao wake wa ndani kwa mswaki na spiriti, akiondoa ile kutu ya kijani ya maji ya chumvi, tundu kwa tundu, mpaka saa saba usiku. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Hakujua kama nipo.

Kwa hiyo jibu langu limegeuka mkononi mwangu, Mhariri. Kuwekwa kazini kunamfaa ambaye tayari ana kitu ndani kinachosikia. Sisemi kila kijana aachwe achague atakavyo. Wengi huchagua kukaa barazani, na mimi nisingefika pwani bila kusukumwa na mama. Wala sijui kama simu zitamshika mwanangu miaka 30. Tuna mashua tunayoiunda, mbao za mwembe, imebaki kalafati na deheni. Nimemwambia akae mpaka tuishue bamvua ijayo, maana kazi aliyoianza aimalize. Siku ya pili yake nitampeleka mjini mwenyewe, kwa fundi simu aliyekubali kumpokea.