Kupiga kambi na watoto na mbwa kandokando ya ziwa, Mwanza: kagua ufukwe kabla ya mandhari

Mkuu, umeuliza ni wapi karibu na Mwanza unaweza kupiga kambi likizo ya Juni ukiwa na shemeji, watoto wawili na mbwa wenu, na kama Saanane au Rubondo, visiwa vya Ziwa Victoria, panafaa. Nimekuwa nikienda na familia yangu na mbwa wetu Popi kila kiangazi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Hifadhi ziondoe kwenye orodha mapema. Saanane ni kisiwa cha hapa hapa mjini, ukiwa Capri Point unakiona, na watu hudhani ni bustani tu ya kwenda na mbwa Jumapili. Imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2013, na Rubondo tangu 1977. Mbwa haingii hifadhi ya taifa, hata akiwa na kamba shingoni. Usibishane na askari wa getini, wana sababu nzito. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Rubondo kuna na mbung'o pia. Mbwa akipata nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, hudhoofika haraka, macho yanaingia ukungu mweupe, na asipotibiwa mapema anakufa. Rubondo nendeni, pazuri mno, ila siku ambayo mbwa amebaki nyumbani na mtu mnayemwamini.

Yanayobaki ni maeneo ya watu binafsi na ya taasisi: hoteli za ufukweni zenye nafasi ya mahema, viwanja vya taasisi za dini, mashamba yanayopakana na ziwa. Ufukwe wa Ilemela hadi Igombe ndio rahisi kwa mtu wa mjini. Upande wa Sengerema nao umekuwa karibu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Zamani ulikuwa unasubiri kivuko juani huku mbwa anahema ndani ya gari, na hilo pekee lilitosha kunifanya nisivuke.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halisemwi kabisa. Kabla hujauliza bei, uliza mwalo, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, uko umbali gani. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi wanaanikwa, pengine kwenye vichanja lakini mara nyingi juu ya nyavu chakavu au mchangani moja kwa moja. Kwa mbwa hiyo ni karamu imetandikwa chini. Niliwahi kuona mbwa wa familia moja ya wageni akichomoka kambini alfajiri, akapita katikati ya dagaa wa mama mmoja, akala, akakojoa, akarudi anatikisa mkia. Mama yule alikuwa amekesha akingoja mitumbwi. Alisimama na beseni lake kiunoni bila kusema neno, kisha akaanza kuokota wale wa pembeni ambao walikuwa hawajaguswa. Baba wa familia alilipa mzigo wote, alifanya vizuri, lakini watoto walishinda kutwa wanaona aibu kutoka kwenye hema. Eneo lililopakana na mwalo bila uzio wa maana mimi silikubali, hata wakinipa bure.

Ndiyo maana nakushauri upange tarehe kwa kuangalia mwezi. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika kwa sababu taa zao hazivuti samaki, hivyo ufukwe unakuwa na nafasi na uanikaji unapungua. Hata yale mawingu ya wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi huwa mengi zaidi mwezi unapoandama. Hawaumi, lakini wakivamia taa yenu wakati wa chakula cha jioni, wali wote umeingiliwa. Na watoto wakiwa na mbalamwezi watacheza nje mpaka wachoke wenyewe.

Ukifika, kabla ya kumfungulia mbwa, tembea ufukwe mzima kwa miguu. Popi aliwahi kung'ang'ania kunusa donge la uzi wa nailoni lililojikunja mchangani. Nilipolivuta ikatoka ndoano ya sangara, ndefu kuliko kidole changu cha kati, ikiwa bado na chambo kilichokauka kwenye ncha. Chambo kikikauka hivyo harufu yake haiishi, na mbwa hatafuni kwanza ndipo ameze. Mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyotolewa minofu, na vichwa vya samaki vilivyotupwa navyo uviondoe. Ni kazi ya nusu saa, wape watoto ndoo wakusaidie, ila wavae viatu.

Kuhusu maji, nitasema bila kuficha kwa sababu najua watoto watataka kuoga. Kichocho kipo ziwani. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye magugu na matete, na vimelea huwa vingi majini kuanzia saa za mchana jua likiwa kali. Ghuba ndogo iliyojificha, ile inayopendeza kwenye picha, mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote. Ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo, ingawa haiishi. Sisi maji ya kuoga tunayachota na kuyaacha kwenye ndoo saa 24 au zaidi, au tunayachemsha. Anayeingia ziwani hata hivyo apime baada ya miezi miwili hivi. Dawa yake, praziquantel, inapatikana.

Utando wa kijani juu ya maji ukiuona, mbwa asinywe wala asiloweshe manyoya akaja kujilamba. Hutokea sana ndani ya Ghuba ya Mwanza na unaweza kuwa na sumu inayoua mbwa ndani ya saa chache. Popi hunywa kwenye bakuli lake tu. Mamba naye anamtamani mbwa anayekunywa ukingoni, kwa hiyo waulize wavuvi. Mhudumu wa mapokezi hatakwambia. Na ukiona njia iliyokanyagwa kutoka majini kwenda kwenye nyasi, yenye mifereji miwili na tuta la majani katikati, hiyo ni ya kiboko. Hutoka usiku kula. Hapo usisimamishe hema, na mbwa akimbwekea gizani mambo yanaharibika. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Wewe huna jengo, lakini kaa umbali huo huo na hema lako.

Kwenye simu usiulize tu, "Mbwa anaruhusiwa?" Utajibiwa, "Karibuni, hakuna shida." Uliza hivi: "Mna mbwa wa ulinzi? Mnawafungulia saa ngapi?" Sehemu nyingi huwafungulia usiku, na wao hawajui kwamba wako ni mgeni aliyelipiwa. Waombe wawafunge usiku huo au upewe kona yenye uzio. Wasipokuelewa, tafuta kwingine.

Wapo pia majirani wa kambi. Watu wengi kwetu wamemjua mbwa kama mlinzi mkali, watoto wao watapiga kelele wakimwona anakuja. Na kwa Waislamu mate ya mbwa ni najisi, chombo kikilambwa kina utaratibu wake wa kuoshwa. Nenda kasalimie mapema, waambie mbwa yupo na amefungwa, muwe mbali na jiko lao na mahali wanaposwalia. Nimepata marafiki kwa namna hiyo. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe kwenye gari, na dawa ya kupe uiweke siku kadhaa kabla ya safari.

Vyoo, kivuli na maji ya bomba utaviona mwenyewe, ila nenda uvione siku moja kabla ya kulipa. Ziwa lilipanda sana 2020 na tena 2024, kuna sehemu zilipoteza ufukwe na vyoo vikajaa, na picha zilizoko mtandaoni ni za kabla ya hapo. Kwenye mawe makubwa, mbwa asiachiwe kufukuza pimbi. Nyufa zile zina nyoka.

Niambie mtoto mdogo ana miaka mingapi na gari lenu ni la aina gani, maana njia za kushuka ziwani zinatofautiana sana, nitakwambia upande upi uanze nao.