Kariakoo ya nyumba za ukumbi: majibu kwa wasomaji

*Jina Kariakoo limetoka wapi?*
Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, hapo ndipo walipowaweka wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Watu wakalitamka walivyoweza. Kariokor ya Nairobi ina asili hiyohiyo. Lakini ile mitaa iliyonyooka ya Kariakoo ni ya zamani kuliko jina: Wajerumani walishaipima kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

*Nyumba ya marehemu babu ina ukumbi katikati na vyumba sita. Zote zilikuwa hivyo?*
Nyingi mno. Mbele baraza, mlango katikati, ukumbi ukinyooka hadi uani, vyumba vitatu kila upande. Jiko, choo na stoo viko uani. Mpangilio huo uliwafaa wenye nyumba: familia ikae vyumba viwili, vinne vipangishwe, kila mpangaji na mlango wake ukumbini.

Za mwanzo zilijengwa kwa miti iliyochimbiwa ardhini, fito zikafungwa kwa kamba, udongo ukakandikwa. Paa lilikuwa la makuti, baadaye madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha bati. Ukuta wa udongo huanza kuoza chini: matone ya mvua yanaruka kutoka ardhini, mti unalowa, mchwa wanaingia. Ndiyo maana paa lilishushwa likafunika baraza. Ukikata upenu ili kupanua mlango wa duka, umeondoa kinga ya ukuta.

*Fremu za maduka zilianzaje?*
Dirisha la chumba cha mbele lilibomolewa likawa mlango. Baraza ikageuka meza ya bidhaa. Siku hizi ghorofa zimemeza hata ua, na hapo pana hasara kubwa: ua ndio uliokuwa ukiingiza mwanga na hewa vyumba vya nyuma.

*Kwa nini paa la soko kuu liko kama miavuli?*
Ni zege, kazi ya msanifu Beda Amuli, miaka ya 1970. Kila mwavuli umepinduliwa, maji ya mvua yanashuka katikati. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko hilo vibaya.

*Jirani anachimba chini ya ghorofa lake. Nihofu?*
Ndiyo. Udongo ulioshika msingi wake unashika na wako. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye kila mwisho wa ufa ulio ukutani. Ufa ukipita alama, hamisha watu, kisha uite mhandisi na manispaa.